Wapya wa pikipiki Arusha na Moshi: breki ya mbele, baridi ya Julai na mteremko wa Marangu

Mgeni wa Gia (Usa River)
Habari zenu wakuu. Nimechukua Boxer 125 ya matumizi yangu, sio ya biashara. Siku za kazi ni Usa River kwenda Arusha mjini na kurudi, wikiendi naenda Moshi mpaka Marangu kwa wazee. Leseni daraja A ninayo, uwanjani naiendesha vizuri, ila barabarani bado nakakamaa mpaka mabega yanauma. Naomba muongozo wa mambo ya kila siku: breki, mvua, baridi, abiria, na cha kukagua kabla sijatoka nyumbani. Kijiweni nimeambiwa nisiguse kabisa breki ya mbele, eti inapindua. Kuna ukweli?

FundiPlagi (Ngaramtoni)
Karibu mkuu. Hilo la breki ya mbele tulimalize kwanza, maana ushauri huo wa kijiweni umepeleka wengi hospitali.

Ukishika breki, uzito wako na wa pikipiki unasogea mbele. Tairi la mbele linagandamizwa barabarani, la nyuma linakuwa jepesi. Tairi jepesi halina cha kung'ang'ania, ndiyo maana la nyuma likibanwa sana linafunga na kuanza kuserereka kushoto kulia. Kwenye lami kavu karibu asilimia 70 ya kazi ya kusimama inafanywa na breki ya mbele. Anayetegemea ya nyuma peke yake anahitaji umbali unaokaribia mara mbili, na umbali huo mbele ya kifodi (basi dogo la abiria) kilichosimama ghafla pale Sanawari huupati.

Sasa kwa nini watu wanasema inapindua? Kwa sababu ya namna wanavyoishika. Makosa ni matatu. La kwanza, kuibana kwa pupa, uzito haujahamia mbele, tairi linafunga papo hapo. La pili, kuibana ukiwa katikati ya kona au usukani umekatwa. La tatu, kuibana juu ya mchanga, tope au oili iliyomwagika.

Zoezi lake ni hili. Tafuta sehemu ya wazi yenye lami, asubuhi mapema hakuna watu. Nenda kilomita 30 kwa saa, pikipiki imenyooka, macho mbele kabisa na sio kwenye tairi. Achia eksileta, vuta mkono wa breki taratibu mpaka ule ulegevu wa waya uishe na usikie shuu (vibano vya breki ndani ya tairi) zimegusa, halafu ongeza nguvu kadiri inavyozidi kuinama mbele. Ya nyuma ikanyage kidogo tu, kwa pamoja. Klachi ivute mwishoni, karibu na kusimama. Ukiivuta mapema umeikataa breki ya injini. Rudia mara kumi, ukizoea panda mpaka 40 na 50. Mkono ukishajifunza, siku ya kushtuka utafanya hivyo hivyo bila kufikiri. Asiyefanya zoezi, siku ya kushtuka mguu wa kulia unakanyaga wenyewe mpaka mwisho na tairi la nyuma linakwenda linakotaka.

Na weka hesabu hii kichwani. Kwenye 50 unatembea mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka mita 14 zimeliwa, breki nzuri kwenye lami kavu zinataka kama 16 nyingine, jumla 30. Kwenye 80 ni 22 za kushtuka na kama 41 za breki, jumla 63. Mwendo haujafika hata mara mbili lakini umbali umezidi mara mbili.

Kibosho Juu (Moshi)
FundiPlagi, kwenye lami nakuunga mkono. Ila usimpeleke kijana Marangu na somo la asilimia 70 halafu akakutana na njia za migombani. Huku Kibosho, Uru na Machame, ukiacha barabara kuu, kuna udongo mwekundu ambao ukipata manyunyu ya usiku juu unakuwa kama sabuni na chini bado mkavu mgumu. Kivuli cha migomba hakiruhusu ukauke mpaka saa nne au tano. Majani ya migomba yaliyoanguka nayo yanateleza kuliko tope lenyewe. Hapo ukishika ya mbele kwa nguvu unalala, hakuna mjadala.

Kwenye udongo wa hivyo kasi inapunguzwa kabla hujaingia. Gia ya pili au ya kwanza, eksileta ndogo isiyobadilika, klachi imeachiwa, injini ndiyo inashika. Ya nyuma guswa kidogo kidogo. Ya mbele kidole kimoja, na ni pale tu pikipiki imesimama wima. Usikate kona kwa kulaza, zungusha usukani polepole na ukae katikati ya kiti. Miguu iache kwenye vikanyagio. Wengi wapya wanaburuza miguu chini wakidhani wanajisaidia, guu likinasa kwenye mzizi goti linageuka.

Tairi zikipita kwenye makorongo yaliyochimbwa na tairi za magari, chagua moja ulifuate mpaka mwisho. Kupanda ukingo wa korongo kwa pembe ndogo ndiko kunakoangusha: tairi la mbele linakataa kupanda, linafuata ukingo, wewe unaendelea mbele. Ukilazimika kuhama, simama, au uvuke kwa pembe kubwa.

FundiPlagi
Hapo hatupingani mkuu. Kwenye tope usemavyo ndivyo.

Niongezee la udongo mweusi, maana wa huko juu hawaujui. Tambarare, kuelekea Kisongo na kule chini ya Moshi, udongo mweusi ukilowa unajibandika kwenye tairi na kujaa kati ya tairi na madigadi mpaka tairi la mbele haligeuki kabisa. Unasikia tu injini inazidiwa na usukani mzito. Usiongeze eksileta, utaunguza klachi. Shuka, ng'oa kwa kijiti, songa. Anayepita njia hizo mara kwa mara apandishe madigadi ya mbele kidogo, kama bracketi zake zinaruhusu, nafasi iwe ya kupitisha vidole viwili.

Na usidanganywe upunguze upepo mpaka tairi lilale eti lishike tope. Tairi zetu nyingi ni za tyubu. Upepo ukiwa mdogo sana tairi linazunguka ndani ya rimu, linaburuza tyubu, valvu inakatika shingoni. Hiyo haizibiki kwa kiraka.

Dereva wa Himo
Mgeni, kwa kuwa unakwenda Marangu nikwambie kuhusu kushuka, kupanda hakuna shida zaidi ya uvivu. (Ukiona inachoka kupanda usikimbilie kwa fundi. Lango la Marangu liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini ni chini ya mita 1,000. Hewa ikiwa nyepesi injini inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, na ya kabureta inapata mafuta mengi kuliko hewa hiyo inavyohitaji. Shusha gia, basi.)

Kushuka ndiko kwenye kazi. Kuna mtindo wa kuweka fri (bila gia), wengine wanazima na injini kabisa, ili kubana petroli mpaka Himo. Petroli inayookolewa hapo ni kidogo kuliko bei ya soda. Unachopoteza ni breki ya injini, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na shuu mbili ndogo ndani ya drum. Drum haipati upepo vizuri. Ukikanyaga mfululizo kwa kilomita kadhaa shuu zinapata moto, zinaanza kuteleza, unakanyaga mpaka chini na haishiki. Watu wanasema imefeli breki kana kwamba kuna kitu kimekatika. Hakuna kilichokatika, ikipoa inashika tena, ila wewe umeshapita kona.

Kanuni ni nyepesi: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, au moja juu yake. Mteremko mkali ni ya pili. Breki ishike kwa awamu, ibane kwa nguvu kiasi mpaka mwendo upungue, achia kabisa ipoe, halafu tena. Kuigusa kidogo kidogo muda wote bila kuachia ndiko kunakoipika. Ukisikia harufu ya kuungua au mkono wa breki umekuwa laini, kaa pembeni dakika 15. Usimwagie drum maji ya baridi, chuma cha moto kinaweza kupasuka.

Kona za huko nyingi huoni mbele. Kaa kushoto kwako lakini sio ukingoni kabisa, changarawe inakusanyika pale. Punguza kabla ya kona, ukiwa ndani shikilia eksileta ndogo, tazama inapoishia. Pikipiki inafuata macho. Ukilikodolea lori linalokuja, unalifuata.

Mgeni wa Gia
Asanteni sana wakuu. Na mvua ya mjini? Halafu nauliza tena kuhusu mabega. Vidole navyo vinakufa ganzi nikifika Tengeru.

Mama Njiro
Mdogo wangu, ganzi na mabega ni ugonjwa mmoja: unaning'inia kwenye usukani. Mikono kazi yake ni kuelekeza tu, uzito ubebwe na makalio na miguu. Bana tangi kwa magoti, taratibu, kisha jaribu kupepesa viwiko juu chini kama kuku. Vikipepea bila usukani kutikisika uko sawa. Fanya hivyo kila ukisimama.

Halafu angalia mikono ya klachi na breki. Pikipiki ikitoka dukani mara nyingi imefungwa juu sana, kiganja kinavunjika kuelekea juu, mshipa unabanwa. Legeza nati za vishikio, kaa kwenye kiti kama unavyoendesha, nyoosha vidole: mkono, kiganja na vidole viwe mstari mmoja na mkono wa klachi. Kaza tena, sio kwa nguvu zote. Ikianguka ni vizuri kishikio kizunguke kuliko mkono kukatika. Klachi nayo iwe na ulegevu wa milimita 2 mpaka 3 pale kwenye shina lake. Ikiwa ngumu, waya umekauka. Dondoshea oili juu ya kava la waya mpaka itokee chini, au badilisha waya wenyewe.

Sasa baridi. Juni na Julai asubuhi Arusha nyuzi 12 ni kawaida. Ukienda kilomita 60 kwa saa upepo unafanya mwili uhisi kama nyuzi 8, na ukilowa ni mbaya zaidi. Vidole vikiganda havishiki breki kwa wakati, kwa hiyo baridi ni suala la usalama pia, isichukuliwe kama udekaji. Sweta pekee halisaidii, upepo unapita katikati ya nyuzi. Unataka kitu kisichopitisha upepo nje, sweta ndani. Hujapata koti la maana? Gazeti kavu kifuani chini ya koti linazuia upepo kuliko sweta la pili.

Ile ya kuvaa koti kinyume, zipu mgongoni, naijua wote mnaifanya. Inazuia upepo kifuani kweli. Ila mabega yanabanwa, huwezi kugeuza shingo kuangalia nyuma, na mgongo wazi unajaa upepo kama tanga. Tafuta koti lenye zipu yenye ulimi ndani. Soko la Kilombero hapa Arusha, au Memorial kwa watu wa Moshi, kwenye mitumba huwa yanapatikana makoti ya pikipiki ya Ulaya yenye pedi za mabega na viwiko. Bonyeza pedi kabla ya kununua: ikirudi polepole ni nzima, ikiwa ngumu au inasagika unga imekwisha, nunua koti kwa bei ya koti tu. Glavu ni za ngozi; za sufu za kufuma zinateleza kwenye eksileta.

Helmeti sasa. Pima kichwa kwa utepe, juu kidogo ya nyusi, zunguka mpaka nyuma palipotokeza. Sentimita 57 au 58 ni M, 59 au 60 ni L, ingawa kila kampuni ina yake kidogo. Vaa, funga, shika kidevu cha helmeti uvute juu na pembeni: ngozi ya uso isogee pamoja nayo. Ikizunguka yenyewe ni kubwa. Mpya ikubane mashavu kidogo, sponji italegea. Mkanda upitishe vidole viwili tu chini ya kidevu. Isiyofungwa inakutangulia kufika chini.

Tafuta alama ya ECE (kiwango cha usalama wa helmeti) nyuma au kwenye mkanda, 22.05 au 22.06. Kisha chungulia ndani: chini ya kitambaa kuwe na povu gumu jeupe au jeusi, nene. Hilo povu ndilo linalosagika badala ya kichwa, tena mara moja tu. Helmeti iliyokwisha kupigwa chini na kichwa kikiwa ndani haifai tena hata kama haina mkwaruzo. Usiitundike kwenye kioo cha pembeni, kinatoboa povu, wala usiipake petroli kuondoa rangi.

Kioo cha helmeti kikipata mvuke asubuhi: tone moja la sabuni ya vyombo, paka ndani yote, acha likauke, futa kwa kitambaa laini. Kioo cheusi usiku hapana, hata kama kinapendeza.

Mzee wa Kipilefti (Arusha)
Mvua ya mjini. Hatari kubwa ni dakika kumi au kumi na tano za mwanzo baada ya kiangazi. Oili, vumbi na mpira vilivyolala barabarani vinanyanyuka na maji. Kama unaweza, subiri chini ya paa la sheli mpaka ioshe kwanza. Kisha uwe mbali na michoro myeupe ya zebra na mishale, vifuniko vya chuma vya mitaro, na ule mstari mweusi wa katikati ya njia magari yanapodondoshea oili kwenye foleni. Pita inapopita tairi ya gari. Umbali wa breki zidisha mara mbili. Dimbwi usiloliona chini lizunguke, Arusha maji yanaficha shimo au mtaro usio na kifuniko.

Koti la mvua liwe na suruali yake. Lile la kujitupia kama shuka linapeperuka, linaziba vioo, na ncha yake ikiingia kwenye cheni inakuvuta nayo. Buti za mvua ni sawa, ila nusu saa ya kwanza hutasikia gia mguuni, jihadhari.

Foleni. Mlango wa kifodi na daladala uko kushoto. Kwa hiyo kupenya kati ya gari na ukingo wa kushoto ni kutafuta mlango wa konda au abiria anayeruka. Ukipenya, pita katikati ya mistari ya magari, yakiwa yamesimama, mwendo wa mtu anayekimbia, na ukiona pengo mbele ya lori jua kuna mtu au pikipiki nyingine inatokea hapo. Lori: kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, hakuoni.

Kwenye kipilefti, Impala au ile ya YMCA Moshi, anayetoka kulia kwako aliye ndani ndiye mwenye haki. Pikipiki usiibandike ubavuni mwa basi ndani ya mzunguko, tairi zake za nyuma zinakata ndani kuliko za mbele.

Taa ya mbele washa mchana pia. Indiketa zetu nyingi hazijizimi, ukishakata zima. Mwenye gari akiona inamulika anaamini unakata na anajitosa. Vioo viwili, usivikunje kwa ajili ya kupenya, na hata hivyo geuza shingo kabla ya kuhama njia.

Dereva wa Himo
Barabara ya Moshi–Arusha ongeza hili: kuanzia njia panda ya KIA hadi Bomang'ombe ni wazi, upepo wa ubavuni unasukuma. Legeza mikono, bana magoti, inamisha kifua kidogo, punguza iwe 60. Basi au semi likikupita au kupishana nalo, kwanza linakusukuma nje, halafu linakuvuta. Kaa katikati ya njia yako kabla halijafika ili uwe na nafasi pande zote mbili. Na vibao vya 50 vijijini viheshimu, sio kwa sababu ya trafiki tu. Watoto na ng'ombe wanavuka bila kuangalia, na ng'ombe mmoja akishavuka subiri, wa pili anamfuata.

Nesi wa Zamu (Moshi)
Mimi mawili tu. Ekzosi nyingi ziko kulia, panda na shuka kushoto, na mwambie abiria hivyo kabla hajanyanyua mguu. Akiungua, maji safi ya bomba yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno, mafuta, asali ya kienyeji, yai, vyote acha. Malengelenge msipasue.

Mtu akianguka na hajitambui lakini anapumua, msimvue helmeti, msimkalishe na msimpe maji. Mtu mmoja ashike kichwa na helmeti visicheze, mwingine afungue kioo na apige 112, wengine wazuie magari. Helmeti inavuliwa pale tu hapumui au anatapika ndani yake, na wanavua wawili: mmoja anashikilia shingo na taya kutoka chini, mwingine anapanua mikanda na kuvuta helmeti polepole. Kumrusha kwenye bodaboda akiwa katikati ya watu wawili kumewavunja shingo waliokuwa wazima.

Mama Njiro
Na abiria, maana Marangu hataenda peke yake. Mmoja tu, hakuna mishikaki (kupakia wawili au zaidi). Apande ukiwa umekanyaga chini kwa miguu yote na umemwambia "panda". Miguu kwenye vikanyagio hata mkisimama. Ashike kiuno chako au chuma cha nyuma ya kiti, asishike mabega, ukikata kona anakuvuta. Mwambie aangalie juu ya bega lako la upande mnaokata, basi atalala na wewe bila somo.

Dera, kanga, kitenge, mtandio mrefu: vikunjwe na kukaliwa kabla ya kuondoka, ncha zisining'inie upande wa cheni. Kukaa upande mmoja sikushauri, uzito uko nje ya katikati na anashikilia kwa mkono mmoja. Mama mwenye gauni avae suruali ndani akae sawasawa, akifika anaivua. Mtoto wa kuwekwa kwenye tangi hapana. Akishika eksileta kwa bahati mbaya mmekwisha. Mtungi wa gesi na mkungu viwe juu ya ekseli ya nyuma, visizidi nyuma ya carrier, maana vinanyanyua tairi la mbele na usukani unakuwa mwepesi kwenye mlima.

Mgeni wa Gia
Nimeelewa dada. FundiPlagi, malizia ukaguzi. Hii yangu ni mpya ya dukani.

FundiPlagi
Kila asubuhi dakika mbili. Bonyeza tairi na uzikague kama kuna msumari. Vuta breki zote mbili ukiisukuma. Washa taa, indiketa, breki laiti ya mkono na ya mguu. Tazama chini kama kuna oili. Geuza usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, usikwame. Choki kwenye baridi ivute, ikishika mlio sawa irudishe. Stendi ya pembeni ikunje. Iliyosahaulika inagonga chini kwenye kona ya kushoto na kukutupa.

Kila wiki, tairi zikiwa za baridi, pima upepo. Fuata kibandiko cha pikipiki yako. Kwa nyingi za ukubwa huo ni kama psi 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Nunua geji yako ndogo, za vibanda vya pancha kila moja inasema lake. Kashata (meno ya tairi) zikibaki milimita 1.6 tairi limekwisha, na kwa masika ya huku mimi nabadilishia watu kwenye 2.

Oili: 20W-50 yenye maandishi JASO MA, takriban lita moja. Oili nyingine za gari zina dawa za kupunguza msuguano, na klachi yetu inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, itaanza kuteleza mlimani. Kwa kuwa ni mpya, ya kwanza imwage kati ya kilomita 500 na 750, ina unga wa chuma. Kagua kiwango pikipiki ikiwa wima, imezimwa dakika chache.

Cheni: stendi ya kati, fri, zungusha tairi utafute pale inapokaza zaidi, kisha pandisha na kushusha katikati ya cheni ya chini. Mchezo wote uwe milimita 20 mpaka 30. Ikilegea sana inaruka meno au inatoka na kufunga tairi. Ikikazwa sana inakula beringi ya sproketi (gurudumu la meno) ndogo, na ukikaa wewe na abiria inakaza zaidi. Legeza nati ya ekseli, zungusha virekebishio vya pande zote mbili sawasawa ukifuata alama za swing'amu (mkono unaoshika tairi la nyuma), kaza. Oili nene ya gia, namba 90, kila kilomita 500 na baada ya mvua, upande wa ndani wa cheni, kisha futa inayozidi. Oili chafu ya injini inabeba unga wa chuma, usipake. Cheni ikiisha badilisha na sproketi zote mbili.

Mgeni wa Gia
Wakuu, nimekaza cheni jioni hii kama ulivyoeleza. Cheni iko sawa, ila breki ya nyuma sasa inashika hata sijakanyaga, na taa ya breki haizimi.

FundiPlagi
Ni kawaida mkuu. Umesogeza tairi nyuma, fito ya breki imevutika. Ile nati ya bawa mwisho wa fito ifungue taratibu, nusu mzunguko kwa mara moja, mpaka kanyagio liwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kabla shuu hazijagusa na tairi lizunguke bila kukwaruza. Hakikisha mgongo wa nati umekaa kwenye shimo lake, la sivyo ukitembea itarudi yenyewe. Taa ikiwa bado inawaka baada ya hapo, swichi iko kulia juu ya kanyagio: shika mwili wake usizunguke, geuza nati yake ya plastiki mpaka iwake tu kanyagio likianza kushuka.

Mgeni wa Gia
Taa imezima. Nati ilikuwa imekaa nje ya shimo.